Kiti cha Mbele cha Tausi

Nyinyi mnaonijia na simu mkononi mkitaka niwafundishe kushona viti, ketini kwanza. Si hapo, hapo pana sindano. Ketini pale kwenye magunia.

Mimi ni Mwanaisha, na watu wa Amu, mji wetu huu wa Lamu, waniita Bi Mwana Matandiko, wala sikasiriki. Shule nilienda hadi nikajua kuandika jina langu na kusoma namba za futi. Chuoni nilihitimu msahafu, kisha nikaolewa. Yaliyobaki nimefundishwa na sindano. Nimeshona matandiko ya punda, mito ya mashua, magodoro ya maharusi, viti vya vinyozi, na kwa miaka mingi viti vya magari ya zamani, yale ambayo watu wa Nairobi walipanda ndege mpaka Manda kuja kuyagombania mnadani. Naam, mimi, wa mji ambao vichochoro vyake gari halipiti hata ukiligeuza upande. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana kazi ikianza sipendi kicheko cha ovyo na sindano hewani.

Magari yalikuwa ya Bwana Twahir. Alikuwa mfanyabiashara, ana nyumba Amu na shamba la mahindi na simsim kule bara, Kililana. Alipenda magari makuukuu kama wanaume wengine wanavyopenda kuoa. Akisikia kuna moja limelala kwenye ua wa mtu Malindi au Mombasa, hali wala halali mpaka alilete. Mkewe, Bi Zena, alikuwa akisema heri hayo, hayazai. Yote aliyaweka shambani ndani ya banda kubwa la mabati, na kila moja lilikuwa na jina. Lilikuwapo Bi Harusi, jeupe. Lilikuwapo Bundi, lenye taa kubwa kama mato ya yule ndege. Na lilikuwapo Tausi, la rangi ya buluu iliyoiva, na ndilo alilolipenda. Siku sita Bwana Twahir alitembea vichochoroni kama sisi sote, akijibana ukutani punda wapite. Ijumaa baada ya sala yeye na mkewe walivuka bara, wakatoa Tausi bandani, wakaliendesha kutoka shambani mpaka ndia inapoishia kwenye mikoko, wakazima injini, wakanywa kahawa ya chupa, wakarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yao, miaka yote, ile ile.

Sasa panya walikula kiti cha mbele cha Tausi. Fundi mmoja wa mbali akakiwamba kwa plastiki iliyowachoma mapaja. Bwana Twahir akawa anatafuta mtu. Siku moja amejibana ukutani, punda amesimama mbele yake hataki kwenda, akaliangalia tandiko, akaupenda mshono. Akamuuliza mwenye punda, nani huyu aliyeshona? Jioni hiyo nikasikia hodi mlangoni. Mume wangu alidhani tumeshtakiwa kwa kumuumiza mnyama.

Aliniuliza kama naweza kushona gari. Nikamuuliza kama gari lina mgongo. Akasema lina. Nikamwambia basi nitalishona. Na mpaka leo nasema tofauti ya punda na gari ni moja tu: punda ukimwachia fundo la uzi likamchoma, siku hiyo hiyo atakupiga teke. Gari litanyamaza, likuaibishe baadaye mbele za watu.

Kushona tandiko nilifunzwa na mama mkwe wangu, Bi Fatuma, mwanamke wa Kizingitini, mkono wake mgumu kama pezi la papa. Yeye ndiye aliyenionyesha kuwa kiti ni kile kilicho ndani. Ngozi ni nguo tu. Alifukia makumbi ya nazi ufuoni, kwenye tope, pale maji yanapokuja na kutoka, akayaacha miezi mpaka yaoze yabaki nyuzi. Kisha tukayafukua, tukayaponda kwa rungu, tukayachambua kwa vidole mpaka ukapatikana usumba. Harufu yake usiulize. Mume wangu alikuwa akinusa nguo zangu, kisha anakwenda kulala darini. Bi Fatuma akimaliza mto huuketia, akaanza uradi wake. Akiumaliza wote bila kujigeuza, mto umekuwa. Akijigeuza hata mara moja, huinuka, akaufumua wote mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyeushona.

Basi kiti cha Tausi nikakijaza usumba, nikakivika ngozi ya ng'ombe, nikakishona mifereji iliyonyooka kama mistari ya daftari. Bwana Twahir alikipapasa kama anampapasa farasi. Nilijiona nimefika.

Kumbe sikuwa nimefika. Usumba wa matandiko tulikuwa tukiutoa ufuoni, tukauanika, tukaushindilia. Punda hajali chumvi. Lakini chumvi huita maji. Ikaja miezi ya mvua, hewa imejaa unyevu, kiti kikaanza kutoa jasho. Bwana Twahir na mkewe wakaalikwa harusi ya mwana wa chifu bara, wakaenda na Tausi, watu wamejipanga kulitazama. Bi Zena akashuka na gauni la hariri, na nyuma ana duara la maji kama sinia. Bibi mmoja akamtazama, akamuuliza taratibu, "Bi Zena, safari ilikuwa ndefu?"

Asubuhi Bi Zena alikuwa kwangu kabla sijafungua dirisha. "Mwanaisha," akaniambia, "umenikojoza mbele ya umati."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango, na tangu siku ile tukawa mashoga. Nikakifumua kile kiti. Nikauosha usumba kwa maji ya mvua ya birika la shambani, nikauosha tena, na tena, na baada ya kila maji nikautia ulimini. Ulimi ukiona chumvi, rudia. Usinitazame hivyo, Athumani, utautia na wewe. Hakuna kipimo kingine ninachokijua, wala sijakihitaji. Baada ya hapo hakuna aliyeshuka na maji, na Bwana Twahir akanipa magari yote.

Mtaniambia siku hizi kuna sponji na gundi. Najua. Sponji siichukii. Kiti cha bodaboda ukikijaza usumba utakuwa umepoteza wakati wako na wa mwenye pikipiki, kesho kutwa ataanguka nacho. Lakini sponji ya bei rahisi katika hewa yetu hii huwa kama mkate wa juzi, ukiubonyeza unamwagika. Kwanza jua kiti kitaketiwa na nani na kwa miaka mingapi, kisha ndipo useme utatia nini. Na kitu kingine: kiti kikiketiwa na watu wale wale, usumba hulala chini yao. Hufanya mabonde. Mwenye kiti akilalamika, unakifumua, unauponda usumba, unasimama tena. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Mabonde ni adui yangu.

Ila mawili.

Bwana Twahir, Mungu amrehemu, alifariki. Wanawe wawili, Abubakar aliye Mombasa na dada yake, wakakubaliana magari yote yauzwe kwa mnada, mirathi igawanywe kama sheria inavyotaka. Sikuwalaumu. Mabati ya banda yalikuwa yameanza kutoboka, na gari halikatiki vipande kama mkate. Bi Zena alipotoka eda akaniita kwake. Akanitilia kahawa.

"Nataka kiti cha mbele cha Tausi," akasema.

Nikamuuliza kwa nini asiwaombe wanawe gari zima, likahesabiwa katika fungu lake. Akaniuliza alipeleke wapi, alipandishe darini? Gari hakulitaka. Alitaka pale alipoketi mumewe.

Nilielewa mara moja, kwa kuwa kile kiti nakijua kuliko uso wangu. Ni kiti kimoja kipana, kinatoka mlango hadi mlango, si viwili vilivyonuniana kama vya magari ya sasa. Upande wa usukani pana bonde refu, la mtu aliyependa biriani. Upande wa kushoto pana bonde dogo, nalo haliko mahali pake. Limesogea katikati, limelifuata lile kubwa. Miaka yote ile Bi Zena hakuwahi kuketi dirishani. Mumewe alinikataza kuyagusa mabonde yale. Nilipokuja na rungu langu alisema, "Hapo acha, Bi Mwana, hapo pamezoea."

Bi Zena akasogeza kikombe chake. Akaniambia nishone kingine mfano wa kile, nikitie garini, kile cha zamani nimpelekee yeye. Nani angejua?

"Bi Zena," nikamwambia, "fungu lako wewe mjane ni thumuni, moja kwa nane. Thumuni ya kile kiti haifiki hata nusu ya paja. Kiti nitakushonea. Kuiba sikushonei."

Akanigeuzia mgongo. Kahawa yangu ikapoa, nikainuka, nikatoka. Iliniuma, nisiwafiche. Lakini mtu akikupa kazi ya kumfichia, akishatulia atakuwa wa kwanza kutokukuamini.

Siku ya pili nikavuka bara, nikalisema jambo lile waziwazi mbele ya Abubakar na dalali wa mnada, mwanamke kutoka Nairobi jina lake Njeri. Huyu Njeri alikuwa akitambaa chini ya magari na suruali yake safi, na tochi mdomoni. Nilimpenda papo hapo.

Abubakar alishika kichwa. Alisema gari kama lile ukilitoa kiti ni kama bibi harusi asiye na meno ya mbele, bei inaanguka. Hataki mama yake alie, lakini dada yake naye ana haki. Na alisema kweli.

Njeri akatoka chini ya Tausi. "Shosho," akaniambia, ndivyo wanavyowaita nyanya zao huko kwao, "hebu nikuulize."

"Mimi si shosho. Mimi ni Bi Mwana."

"Pole, Bi Mwana. Hiki kiti, gani ni ya kiwanda na gani ni yako?"

Hilo ndilo swali, wanangu. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nilipiga magoti nikamwonyesha. Chuma ni cha kiwanda. Springi ni za kiwanda. Ngozi ya mgongo ni ya kiwanda, panya hawakuifikia. Lakini kitako, ngozi yake, nyuzi zake, gunia lililo chini yake na usumba wote ni vyangu, nilivitia mimi mwenyewe. Walichokiketia wale wawili hakikutoka kiwandani. Kilitoka ufuoni na kwenye mikono yangu.

Njeri akasema basi, kitako kitoke, kingine kizuri kiingie, yeye hana shida, bora atangaze. Mnunuzi wake hamfichi kitu. Abubakar akampigia dada yake simu, wakazungumza, akarudi. Akasema wamekubali, kwa sharti kingine kiwe kimeshaingia kabla ya mnada, na kisifanane na kiti cha tuktuk.

"Na ukikiharibu kile cha mama?" akaniuliza.

"Sijaharibu kiti tangu mkojo wa mama yako," nikamwambia. Hadithi ile aliijua tangu utotoni. Alicheka, kisha akageukia ukuta akajipangusa macho.

Sasa sikilizeni vizuri, hii ndiyo kazi. Kitako cha namna ile kimefungwa na springi kwa nyuzi. Ukikata nyuzi ukakiinua, usumba unapata pumzi, unasimama, mabonde yanakwenda zake. Bi Zena angekipata kiti, lakini aliyekiketia asingekuwamo. Nikakizunguka kile kiti asubuhi nzima bila kukigusa. Mjukuu wangu Rukia, ambaye sasa ana duka lake la viti huko Mokowe, akadhani nimechoka. Nikamtuma alete foronya mbili na mchanga mkavu.

Tukatia mchanga, mfuko mmoja mzito, mmoja mwepesi. Rukia akauliza upi ni Bwana Twahir. Nikamwambia asinichokoze. Tukauweka kila mmoja katika bonde lake, ukalala kama mtu. Kisha nikachukua sindano ndefu, nikapiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda, kutoka juu hadi chini, na kila mara nikaipitisha kwenye tundu la mshono wangu wa zamani. Ngozi ukiitoboa tundu jipya haliponi. Nikazunguka bonde kubwa, nikazunguka dogo, nikavuta uzi kiasi cha kushika tu, si kukaba. Baadaye ndipo nikalala chini, nikakata nyuzi za springi moja baada ya nyingine, huku Rukia akisukuma ubao polepole chini ya gunia.

Wanaume wanne wa shambani wakashika ubao. Nikawaambia wainue kama wanabeba mgonjwa. Wakainua, na springi moja iliyopinda ikaling'ata gunia. Ubao ukainama. Mfuko mzito ukaanza kuteremka, na chini yake nikausikia usumba ukilia, ule mlio wake wa kukauka unapotaka kusimama. Nikaurukia kwa kifua. Miaka yangu hii, nimelala kifudifudi juu ya kiti cha marehemu, miguu hewani, nawaambia wasisimame, twendeni nami, twendeni. Wakatutoa sote, mimi, mchanga na kiti. Mmoja akasema hajawahi kumbeba maiti anayetukana.

Walipotuweka chini niliondoa mfuko nikatia kiganja. Bonde lilikuwapo. Joto la mchanga lilikuwa bado limo. Nikaona bora niende nikanywe maji.

Kitako kipya cha Tausi nilikishona kwa usumba wangu mwenyewe. Shimo langu la ufuoni halijawahi kuwa tupu, na ulimi wangu bado wafanya kazi. Siku ya mnada Njeri alisimama juu ya kreti la soda akatangaza mbele ya wote kuwa chuma, springi na ngozi ya mgongo ni vya kiwanda, na kitako ni kipya, kimeshonwa kwa mkono na Bi Mwana, yule pale. Nikasimama wanione. Mzee mmoja wa Mombasa mwenye kofia ya vito iliyodariziwa akaomba aketi. Akaketi, akajisukuma nyuma, akajisukuma mbele.

"Ndani mna nini?" akaniuliza.

"Makumbi ya nazi."

"Nanunua gari au kashata?"

"Gari. Kashata ziko pale mlangoni, ukitaka na hizo nunua."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuteremka. Bi Harusi lilipanda bei kuliko yote, na Bundi likaenda kwa mtu aliyeligombania kama mke wa pili. Tausi alilichukua mzee yule, na zabuni yake yote ameiweka huku amekiketia kiti changu. Hajajigeuza hata mara moja. Nilimtazama.

Kile cha zamani tukakitengenezea fremu ya mbao, tukakivusha kwa boti. Tulipokipitisha vichochoroni, mahamali wawili mbele na wawili nyuma, watoto walitufuata wakipiga honi kwa midomo, na punda wakajibana ukutani kutupisha sisi. Mtu mmoja barazani akauliza, kiti ndicho hicho, gari lenyewe lini? Nikamwambia linatafuta maegesho.

Bi Zena alikuwa hajasema nami tangu siku ile ya kahawa. Tulikiweka kwenye daka la nyumba yake, mlangoni, kinatazama ukuta wa jirani. Nikakata bandi mbele yake, uzi mmoja mmoja. Nikamweleza kwamba wanawe wanajua, dalali anajua, mnunuzi anajua. Akatia mkono katika bonde kubwa, akauacha humo. Kisha akautoa. Aliingia ndani, akarudi na kahawa ya moto, akanipa.

Ningeishia hapo, lakini nyinyi ni mafundi, mnafaa kujua yaliyofuata. Nilirudi baada ya muda, nikakuta amelifunika bonde la mumewe kwa leso mpya, na amekataza watu kuliketia. Mwanawe hakuthubutu. Wajukuu wanafukuzwa. Yeye mwenyewe anaketi katika lile lake dogo, ameegemea katikati, peke yake, anatazama ukuta.

Nikamwambia kweli, kama nilivyomwambia siku zote. Usumba usioketiwa hufa. Ukiachwa hunyauka, ukavutia panya, na msimu wa mvua huota ukungu, na lile bonde analolitunza litafumuka lenyewe pole pole mpaka siku moja atatia mkono asilikute. Bonde linawekwa na uzito. Leso haina uzito.

Nikadhani ananigeuzia mgongo mara ya pili. Kisha akaivuta ile leso, akaikunja, akaiweka mapajani.

"Basi keti wewe," akasema. "Lakini usijigeuzegeuze."

Nikaketi. Bonde ni kubwa kuliko mimi, miguu yangu haikufika chini. Ukuta wa jirani uko mbele yetu, umepakwa chokaa, hauna hata dirisha. Bi Zena akajiweka sawa, akasogea katikati kama alivyozoea.

"Ndia waijua?" akaniuliza.

Nikamwambia naijua, mpaka kwenye mikoko.